Kabati la pembeni ya kitanda linaloficha umeme wake: tathmini baada ya miezi minane mjini Moshi

Mama yangu ana umri wa miaka 74, na kila usiku huamka mara mbili au tatu kwenda msalani. Kutoka kitandani kwake hadi mlango wa bafu ni hatua saba. Kwa muda mrefu hatua hizo saba zimenikosesha usingizi mimi kuliko yeye, kwa sababu akiwasha taa ya dari usingizi humruka na hukaa macho hadi kunakucha, na asipoiwasha hutembea gizani akipapasa ukuta. Kabati la pembeni ya kitanda ninalolitathmini hapa lilitengenezwa Arusha kwa ajili ya hatua hizo saba. Limekaa chumbani kwake, nyumbani kwetu Rau, kwa miezi minane, na sasa nimelifahamu vya kutosha kuweza kueleza kwa haki uzuri wake na upungufu wake.

Karakana iliyolitengeneza ipo upande wa Sakina na ina mafundi watatu tu. Mwenye karakana ameniomba nisiitaje kwa jina, kwa kuwa oda alizonazo zinamtosha hadi mwisho wa mwaka, nami nimeliheshimu ombi hilo. Hata hivyo naamini maelezo haya yatamfaa yeyote anayekusudia kumpa kazi ya namna hii fundi wake mwenyewe, awe wa Ngarenaro, Majengo au Pasua, kwa sababu karibu kila jambo nililolipenda au kulichukia katika kabati hili limetokana na uamuzi ambao fundi yeyote makini anaweza kuufanya au kuuepuka.

Kwa mbali kabati hili halina jambo la kushangaza. Ni kabati la mninga lenye droo moja na nafasi wazi chini yake, upana wa sentimita 45, kina cha sentimita 40, na kimo cha sentimita 58 ambacho kilipimwa kilingane na godoro la Mama ili aweze kuegemeza kiganja anapoinuka. Pembe zote za juu zimepigwa randa na msasa hadi zikawa mviringo, kwa hiyo mkono unaoteleza gizani haukutani na ncha. Halikupakwa vanishi ya kung'aa bali limesuguliwa kwa mafuta na nta, na hapo awali nilidhani hayo ni mapendeleo ya fundi tu, mpaka aliponionyesha ubao mmoja wenye vanishi na mwingine wenye mafuta chini ya taa ileile: ule wa vanishi ulirudisha kila nukta ya taa machoni kama kioo, na ule wa mafuta uliusambaza mwanga na kuulainisha. Hakuna swichi inayoonekana, hakuna waya unaoning'inia, wala hakuna kitaa chochote chekundu au cha buluu kinachokodoa macho usiku kucha. Jirani mmoja alikaa karibu nalo kwa muda wa saa nzima akimjulia Mama hali, akaondoka bila kujua kwamba ndani yake mna umeme.

Taa ndiyo roho ya kabati hili, kwa hiyo nitaieleza kwa kirefu. Chini ya ubao wa chini, umbali wa sentimita mbili kutoka ukingo wa mbele, umechimbwa mfereji ambamo umelazwa utepe wa taa za LED ndani ya reli ya alumini yenye kifuniko cheupe kama maziwa. Kifuniko hicho ni kitu cha bei ndogo, lakini bila hicho utepe wa LED huonekana kama mstari wa nukta kali zinazochoma macho. Nacho kikiwapo, mwanga humwagika sakafuni kama maji na chanzo chake hakionekani. Mwanga wenyewe ni wa rangi ya joto, kelvini 2,700, unaokaribiana na ule wa balbu za zamani za waya. Jambo hili si la urembo. Jicho la binadamu lina seli ambazo kazi yake kubwa si kuona maumbo bali kuupa ubongo habari ya usiku na mchana, na seli hizo huamshwa zaidi na mwanga wa buluu wenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 480, ambao ni mwingi katika taa nyeupe kali zinazouzwa katika maduka yetu mengi. Anayemwashia mzee taa nyeupe ya dari saa tisa usiku anauambia ubongo wake kwamba kumekucha. Taa ya kabati hili haifanyi hivyo, na kwa kuwa inatoka chini ya kimo cha godoro, haipenyi chandarua wala haimfikii usoni aliyelala. Inamulika sakafu, kandambili na njia, basi.

Inayoiwasha ni kihisi cha mwendo kilichowekwa sentimita 20 kutoka sakafuni, kikitazama mahali ambapo Mama hushusha miguu. Fundi alinieleza kwamba alikusudia kwanza kutumia kihisi cha rada, ambacho kingeweza kufichwa kabisa nyuma ya ubao kwa sababu mawimbi yake hupita katika mbao, lakini alipokijaribu kiliona hata watu waliopita upande wa pili wa ukuta mwembamba na kuwasha taa bila sababu. Akarudi kwenye kihisi cha kawaida kinachotambua joto la mwili. Hiki hakioni kupitia mbao, hivyo ilimlazimu kutoboa tundu la milimita nane, na tundu hilo ndilo alama pekee ya teknolojia inayoonekana kwa mbele. Sikuona kwamba linaharibu chochote, na ningependa mafundi wengine wajifunze uamuzi huu: kama kuficha kila kitu kunakifanya kifaa kiwe na kiherehere, basi kisifichwe chote. Mguu ukigusa sakafu, mwanga hupanda taratibu kwa muda wa kama sekunde mbili, haumrukii mtu. Na mwendo ukikoma, hubaki kwa sekunde 90 kisha hufifia. Paka wetu naye huuwasha anapopita, na Mama amelizoea hilo.

Nilipoagiza kabati sikufikiria kabisa jambo ambalo leo nalithamini kuliko yote. Chumba changu kinatazamana na cha Mama. Anaposhuka kitandani, chini ya mlango wake hutokea uzi wa mwanga wa rangi ya asali. Unazimika akiwa bafuni, unawaka tena anaporudi, kisha unazimika akishalala. Waka, zima, waka, zima: hizo ndizo habari zote ninazozihitaji, nazo hunifikia nikiwa nusu usingizini, bila simu kulia, bila kamera chumbani kwa mtu mzima anayestahili faragha yake. Mwezi wa pili mwaka huu uzi ule uliwaka, ukazimika, na haukurudi. Nilisubiri kidogo, nikaenda, nikamkuta ameketi kwenye kigoda bafuni, kizunguzungu kimemshika siku chache baada ya kubadilishiwa dawa za shinikizo la damu. Nilimshika mkono tukarudi pamoja, na taa ikatuwakia njiani.

Nimejifunza kwamba wapo walioliwaza jambo hili kabla yetu. Mwaka 1991 Mark Weiser, mtafiti wa kompyuta katika maabara ya Xerox iliyokuwa Palo Alto, California, aliandika kwamba teknolojia zenye kina zaidi ni zile zinazotoweka, zinazoshonwa ndani ya maisha ya kila siku hadi zisiweze kutofautishwa nayo. Miaka michache baadaye, yeye na mwenzake John Seely Brown waliipa fikra hiyo jina ambalo kwa Kiswahili naliita teknolojia tulivu, yaani ile inayokaa pembeni ya usikivu wetu na kuja mbele pale tu inapohitajika. Mfano walioupenda ulikuwa kazi ya msanii Natalie Jeremijenko, aliyetundika darini kamba ya plastiki yenye urefu wa futi nane na kuifunga kwenye mota ndogo iliyounganishwa na waya wa mtandao wa ofisi: data zikipita kwa wingi kamba ilizunguka kwa kasi na kuvuma, zikipungua ilitikisika kidogo tu, na wafanyakazi wakaijua hali ya mtandao wao bila kutazama skrini yoyote. Mpishi aliye uani anayejua kwamba maji ya ugali yamechemka kwa kusikia kifuniko kikigonga sufuria ameielewa fikra hiyo bila kuisoma popote. Uzi wa mwanga chini ya mlango wa Mama ni wa ukoo huohuo, na kwangu mimi ndio kipimo cha samani za aina hii: je, kinachofichwa ndani ya mbao kinampunguzia mtu mambo ya kuangalia, au kinamwongezea?

Kwa kipimo hicho redio ya kabati hili imefaulu, ingawa si kwa jaribio la kwanza. Spika moja ndogo imewekwa ubavuni, na badala ya kitambaa imefunikwa kwa ukili wa ukindu uliosukwa, uliotiwa ndani ya fremu nyembamba ya mninga. Ni kazi ya kupendeza mno. Mtu huona mkeka mdogo, na mkeka huo ndio unaosema. Tatizo ni kwamba ukili wa kwanza ulisukwa kwa kubana sana, ukazuia sauti nyembamba, na msomaji wa taarifa ya habari akasikika kama anayezungumza ndani ya mtungi. Nilirudisha fremu Arusha, ikaletwa nyingine iliyosukwa kwa nafasi, na maneno yakawa wazi. Redio huwashwa na kuongezwa sauti kwa kitufe kimoja cha kuzungusha kilichochongwa kwa mpingo, ambacho hutoa mlio mdogo wa kuingia mahali pake kinapozimwa, hivyo Mama huhakikisha kwa vidole na si kwa macho. Hakuna menyu, hakuna programu ya kupakua kwenye simu. Katika soko la dunia zipo bidhaa zenye nia kama hii, kwa mfano spika zilizo ndani ya taa na rafu ambazo IKEA na Sonos walizitoa mwaka 2019, lakini hizo hutegemea intaneti ya nyumbani, na kwa mtu wa umri wa Mama napendelea kitufe cha mpingo.

Chaja isiyo na waya ndiyo sehemu ambayo nisingeilipia tena. Imefichwa chini ya ubao wa juu, nayo hutumia mfumo wa Qi, ambamo koili, yaani waya uliozungushwa, iliyo chini hutengeneza uga wa sumaku unaopokelewa na koili iliyo ndani ya simu. Chaja za kawaida za aina hii zinataka umbali wa milimita chache tu. IKEA, mwaka 2021, ilitoa chaja maalumu ya kufungwa chini ya meza ambayo inafaa kwa ubao wa unene wa milimita 8 hadi 22, lakini fundi wetu alikuwa na ya kawaida, kwa hiyo alilazimika kuuchimba ubao kutoka chini hadi ukabaki unene wa milimita tano. Mahali pa kuweka simu ameonyesha kwa kipande cha mpingo cha ukubwa wa sarafu, kilichoinuka kidogo sana juu ya mninga ili kidole kikipate gizani, na nakiri kwamba alama hiyo ni nzuri kuliko chaja yenyewe. Simu yangu hupata moto ikikaa pale, kwa kuwa mbao hazipitishi joto kwa urahisi, na huchukua muda mrefu zaidi kujaa kuliko kwa waya. Zaidi ya hayo, simu ya Mama ni ya vitufe, haina koili ya kupokea, na ndivyo zilivyo simu za wazee wengi ninaowafahamu hapa Moshi. Tundu la USB lililowekwa ndani ya droo, ambalo fundi aliliongeza bila hata kulitaja, ndilo linalotumika kila siku.

Mpangilio wa umeme, kwa upande mwingine, umefikiriwa kwa busara kubwa. Umeme wa volti 230 hauingii kabisa ndani ya mbao: adapta hubaki kwenye soketi ya ukutani, na kinachofika kabatini ni volti 12 tu. Nyuma ya droo mna betri ya lithiamu ya volti 12 yenye ampea-saa 6, ambayo ingetosha kuiwasha taa peke yake mfululizo kwa takriban saa 30, na kwa kuwa taa huwaka dakika chache tu kila usiku, umeme ukikatika Mama hagundui. Niliazima kipimo cha umeme cha kuchomeka, nikaona kwamba kabati likiwa limetulia na betri imejaa hutumia wati 0.9, yaani pungufu ya uniti moja kwa mwezi. Vifaa vyote vya umeme vimefungwa juu ya kipande kimoja cha plaiwudi kinachotoka kwa kufungua skrubu nne. Nililiuliza hili kabla ya kulipa, na nawasihi wengine waulize pia, kwa sababu kabati la mninga lililoungwa vizuri litakuwapo wajukuu wakiwa watu wazima, na hakuna betri wala kihisi kitakachofika huko. Nimewahi kuona kitanda cha gharama kubwa ambacho utepe wake wa taa ulinatishwa kwa gundi ndani ya mbao. Ulipokufa, mwenye kitanda alibaki na mfereji mweusi usiotengenezeka bila kuvunja ubao.

Sasa niseme yaliyonikera. Kwanza, niliahidiwa wiki sita na nikapokea kabati baada ya wiki kumi, na katika wiki hizo nne za ziada ni mimi niliyepiga simu kila mara. Pili, wiki ya kwanza Mama alilalamika kwamba kabati linalia. Mimi sikusikia kitu. Nikadhani ni mawazo, na ninajutia kwamba nilimjibu hivyo. Fundi alipokuja Moshi kwa shughuli zake alipita nyumbani, akaamkia, "Shikamoo, mama." Mama akamwitikia, "Marahaba, mwanangu. Hiki kidude chako usiku kina nyuki ndani." Fundi hakubisha. Aliomba feni izimwe na dirisha lifungwe, akapiga magoti, akalaza kichwa kwenye mto wa Mama kwa ruhusa yake, akanyamaza kama dakika nzima, kisha akasema, "Kweli, mama. Nyuki wapo." Mvumo ulitoka kwenye adapta, iliyokuwa imechomekwa kwenye soketi iliyo nyuma kabisa ya kichwa cha kitanda. Adapta za bei ndogo, zikiwa na mzigo mdogo, huachia umeme kwa mafungu mafungu, na mafungu hayo hutikisa transfoma iliyo ndani yake. Alileta nyingine iliyo bora na kuihamishia soketi ya ukuta wa pili, na tangu hapo chumba kimekuwa kimya. Wakati huohuo aliziba kwa utepe mweusi kitaa cha buluu cha chaja ambacho mwanga wake ulikuwa ukivuja kwa nyuma na kuchora mstari ukutani. Kasoro zote mbili zingeonekana karakanani kama mtu angelizima taa za karakana na kukaa kimya karibu na kabati kabla ya kulikabidhi. Kwa samani inayouzwa kwa ajili ya utulivu, huo ni ukaguzi wa lazima.

Tatu, mwezi wa nne, mvua za masika zilipokolea, droo ilikwama. Mninga hautikisiki sana kwa unyevu, na ndiyo maana unapendwa, lakini pande za droo ni za msaiprasi ambao haukuwa umekauka vya kutosha, na mbao hupanuka kwa mapana yake, si kwa urefu wake. Ilipigwa randa kiasi cha milimita moja, ikafunguka, na kiangazi hiki imelegea kidogo. Ni jambo dogo, ila tundu la USB la Mama limo ndani ya droo hiyo, kwa hiyo kwa siku tatu simu yake ilichajiwa jikoni.

Nililipa shilingi 680,000, na shilingi 40,000 nyingine kwa kulisafirisha kwa kanta kutoka Arusha. Fundi wa Majengo alinitajia shilingi 280,000 kwa kabati la mninga la ukubwa huo lisilo na umeme wowote. Tofauti hiyo ni kubwa, na sitamshauri mtu ailipe kwa ajili ya chaja au kwa ajili ya kuwaonyesha wageni. Kwa ajili ya taa, betri na fremu ile ya ukindu, ningeilipa tena, hasa nyumba ikiwa na mzee, mjamzito au mtoto anayeogopa giza. Atakayeagiza aulize mbao zimetoka wapi: mninga ni mti wa miombo, wa Tabora na Katavi, unaokua polepole, na fundi wangu alinionyesha karatasi za TP, yaani vibali vya kusafirisha mbao, za mzigo wake bila kusukumwa.

Nimeshatoa nusu ya fedha kwa kabati la pili, litakalokaa upande wa pili wa kitanda, ambako Mama huanza kushukia anapoumwa nyonga ya kushoto. Halitakuwa na chaja. Droo itakuwa ya mninga mtupu, na tundu la USB litahamia kwenye ubavu ulio wazi. Juma lililopita nilipita Sakina nikaziona mbao zake zimeshapasuliwa, zimepangwa kivulini na vijiti katikati ya kila ubao ili hewa ipite, na kwenye ubao wa juu kabisa fundi ameandika kwa penseli jina la Mama na tarehe ya kuzigeuza.